Kodi, Pango na Mbiru: Istilahi za Ardhi kutoka Versailles hadi Upare

Wafasiri wa vitabu vya historia ya uchumi, na walimu wanaotayarisha masomo hayo kwa Kiswahili, hukutana na fungu moja la maneno ambalo bado halijapata makao ya kudumu katika lugha yetu. Ni maneno ya wale Wafaransa wa karne ya 18 waliofundisha kwamba utajiri wote wa taifa hutoka ardhini. Mafundisho yao yakavuka bahari ya Atlantiki, yakawapa Wamarekani wa kwanza sehemu ya hoja zao za kutaka jamhuri ya wakulima. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo, wala hatutayapima kwa kamusi peke yake. Tutayapeleka Upare, katika nchi iliyo kati ya Kifaru na Same na katika milima iliyo juu yake, kwa sababu huko kuna maneno ya kale ya ardhi na maji yanayoweza kutusaidia, na kwa sababu ni huko ambako, mnamo mwaka 1945, watu walisimama kuikataa kodi iliyopewa jina la heshima la kwao wenyewe. Hoja yetu ni kwamba neno la ardhi au la kodi, likihamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, au kutoka katika mila kuingia katika sheria, aghalabu huja na heshima yake na kuyaacha masharti yake nyuma. Mfasiri asipoyafuata masharti hayo huko yalikobaki, atakuwa amefasiri nusu ya neno.

François Quesnay (1694–1774) alikuwa tabibu katika jumba la mfalme Louis wa 15 huko Versailles. Mwaka 1758 alichora jedwali lililoonyesha jinsi mazao na fedha vinavyozunguka baina ya matabaka matatu ya watu, mfano wa damu izungukavyo mwilini. Wakamfuata akina Mirabeau, Le Mercier de la Rivière na Pierre Samuel du Pont. Na karibu nao, ingawa hakupenda kuhesabiwa mfuasi wa mtu, alisimama Turgot, aliyekuwa waziri wa fedha kuanzia 1774 hadi 1776. Jina la mafundisho yao limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya maumbile na jingine lenye maana ya utawala. Wako wanaopendelea kulifasiri "utawala wa maumbile". Sisi hatuoni kama litafaa, maana mwanafunzi wa Kiswahili akisikia maumbile katika habari ya nchi hufikiri milima na mabonde. Maadamu tumekwisha kuizoea demokrasia, fiziokrasia haitatushinda, na wafuasi wake wataitwa wanafiziokrasia.

Wao wenyewe, hata hivyo, walijiita wachumi tu, na hapa Kiswahili kinatuonyesha jambo la kupendeza. Uchumi wetu umetokana na kitenzi kuchuma, ambacho kwanza ni kukwanyua tunda au jani mtini, ndipo kikawa kupata faida. Quesnay angelifurahi kusikia hayo. Lakini furaha yake isingedumu, kwa kuwa kwa Mswahili mfanyabiashara naye huchuma, na hapana aliyemwambia kwamba kuchuma kwake si kuchuma.

Tuanze na kile walichokiita "avances". Ni gharama ambazo sharti zitangulie kabla ardhi haijatoa chochote, nasi tunapendekeza ziitwe gharama tangulizi. Quesnay alizigawa mafungu matatu: zile za ardhi, yaani kufyeka, kuchimba mifereji na kujenga, ambazo humpasa mwenye ardhi, zile za zana, yaani majembe, wanyama na magari, ambazo humpasa mlimaji, na zile za mwaka, yaani mbegu na ujira. Mwalimu atakayetaka mfano wa fungu la kwanza asihangaike kuutafuta Ufaransa. Katika miteremko ya Upare ziko ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe ambayo hupokea maji ya kijito usiku kucha, kisha hufunguliwa mchana ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Nyingi zilichimbwa na koo zamani, na ni kazi ya mikono ya watu ambao majina yao yamesahauliwa. Ndiva ni gharama tangulizi za ardhi hasa: bila hiyo shamba la bondeni ni vumbi, na pamoja nayo shamba hilohilo hutoa mahindi na maharage.

Tofauti yake, hata hivyo, ndiyo yenye mafunzo zaidi. Quesnay alimhalalishia mwenye ardhi sehemu yake ya mavuno kwa hoja kwamba yeye, au babu zake, ndio waliolipia gharama za kwanza. Ndiva haikulipiwa na bwana mmoja. Huchimbwa, na kila mwaka huzolewa tope, kwa msaragambo, yaani kwa kazi ya pamoja ambayo watu wote huitwa kuifanya. Basi ikiwa hoja ya tabibu huyo ni ya kweli, Upare haki ya mwenye ardhi ni ya wote walioshika jembe siku ya msaragambo. Mfasiri akiandika "mwenye ardhi" bila maelezo, msomaji wa Same atamwona mzee wa ukoo, ilhali mwandishi alimkusudia kabaila wa Kifaransa akaaye Paris na kungojea pango.

Kiini cha mafundisho yao ni kile walichokiita "produit net". Baada ya kuondoa gharama zote zilizotangulia, ardhi hubakiza kitu cha juu ambacho hakikuwapo kabla. Na kwa maoni yao ni ardhi peke yake itoayo baki hiyo. Tunapendekeza zao halisi, kwa kufuata uzito halisi, usemi ambao mkulima wa kahawa anaujua vizuri tangu siku alipoona gunia likipimwa, kisha uzito wa gunia lenyewe ukatolewa. Wako watakaosema kwamba halisi huweza pia kumaanisha lisilo la bandia. Ni kweli, lakini hesabu za biashara zimekwisha kuizoea maana hii ya pili, na istilahi hujifunza maana yake kutokana na majirani zake.

Tabaka la mafundi na wafanyabiashara wao waliliita "stérile", na hapa mfasiri sharti ajihadhari. Neno tasa linajitokeza upesi kalamuni, lakini kwetu ni neno la uchungu, husemwa juu ya mwanamke au mnyama asiyezaa, na Quesnay hakukusudia kumtukana mtu. Alisema tu kwamba fundi hurudisha thamani ileile aliyotumia, bila baki. Kosa la upande wa pili ni kuandika wanyonyaji au kupe, maneno ambayo siasa ya miaka ya 1960 na 1970 iliyazoesha masikio yetu. Mfasiri akifanya hivyo atakuwa amemgeuza tabibu wa mfalme kuwa katibu wa tawi la TANU. Tabaka lisilo na ziada ni refu kidogo, lakini halimsingizii. Na hata likifasiriwa sawasawa, fundisho lenyewe lingepata upinzani Upare. Kabla ya Wasuya kushika utawala wa Ugweno, mapokeo yanasimulia kwamba wenye nguvu walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Na chuma cha Wapare kilikuwa kikiuzwa hadi Uchagani. Mahali ambapo jembe lenyewe hutoka katika moto wa mhunzi, si rahisi kumwambia mtu kwamba mhunzi hazidishi kitu.

Sasa tuje kwenye kodi. Wanafiziokrasia walitaka kodi moja tu badala ya utitiri wa ushuru uliomwelemea mkulima wa Ufaransa. Na kodi hiyo itozwe katika zao halisi, yaani katika fedha anazopokea mwenye ardhi, isiguse mbegu wala jembe. Kuyaeleza hayo kwa Kiswahili kuna kikwazo kimoja kikubwa. Kodi kwetu ni malipo kwa serikali, na papo hapo ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Fundisho zima limesimama juu ya tofauti ya vitu hivi viwili, na sisi tunaviita kwa jina moja. Mwalimu asiye mwangalifu atajikuta akisema kwamba kodi itozwe katika kodi. Dawa iko. Neno pango litengwe kwa malipo ya mpangaji, na kodi iachiwe serikali. Lakini hata ofisi zetu hazijatusaidia sana, maana Tanzania malipo ya kila mwaka ya mwenye hati huitwa kodi ya pango la ardhi, maneno yote mawili yakiwa yamefungwa katika mzigo mmoja. Yafaa tuseme, kwa haki, kwamba usemi huo una mantiki yake: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake, hata kwa Sheria za Ardhi za 1999, basi anayelipwa pango na anayelipwa kodi ni mmoja. Kwa watu wa Buhaya waliokuwa chini ya nyarubanja hadi mfumo huo ulipoondolewa kwa sheria katika miaka ya 1960, walipwaji walikuwa wawili, na hapana aliyewachanganya.

Jina la kodi si jambo dogo, na ushahidi wetu mkubwa ni mbiru. Kwa Wapare mbiru lilikuwa jina la mchango wa jadi aliopelekewa mfumwa, yaani mtawala. Ulikuwa mchango kati ya watu waliojuana. Mtawala naye alikuwa na wajibu wake kwao, na mtoaji alijua kwa nini anatoa. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili utawala wa Kiingereza, kwa kupitia baraza la watawala wa wilaya ya Pare, ulianzisha kodi ya ngazi, yaani kila mtu alipe kwa kadiri ya mali yake, juu ya kodi ya kichwa iliyokwisha kuzoeleka. Ili iingie kwa urahisi ikapewa jina la mbiru. Bila shaka aliyependekeza jina hilo alidhani kwamba ameheshimu mila.

Mnamo Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kudai mbiru ifutwe. Upinzani uliendelea mwaka uliofuata, na wanawake nao wakaingia. Kufikia 1947 kodi hiyo ilikuwa imeondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliyaandika mambo haya katika kijitabu chake kiitwacho *Mbiru*, kilichotolewa 1971, na yeyote anayeshughulika na istilahi za serikali afanye bidii ya kukisoma. Lililo muhimu kwetu ni kwamba watu hao hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kinachojulikana. Walichokataa ni kukadiriwa: mtu aje nyumbani, ahesabu ng'ombe na mibuni, kisha aamue bila mtu kujua ameamuaje. Kwa istilahi za Quesnay tungesema kwamba serikali ilitaka kutoza zao halisi mahali ambapo hapana awezaye kulitenga. Katika kaya ya mlimani ndizi za chakula, kahawa ya kuuza na mbuzi wa mahari hukaa katika hesabu moja, na gharama tangulizi zimezikwa ndani ya ndiva ambayo si ya mtu mmoja. Mkadiriaji alikuwa akikisia tu. Na jina la kale halikupoza hasira, bali liliichochea, kwa sababu kila aliyelisikia aliyakumbuka masharti yake na kuona kwamba hayapo.

Hayo hayakuwa ya Upare peke yake, na hapa tuvuke bahari tuone yaliyowapata Wamarekani. Benjamin Franklin alizuru Ufaransa mwaka 1767, akakutana na wanafiziokrasia. Miaka miwili baadaye aliandika kwamba taifa lina njia tatu za kupata mali, vita, biashara na kilimo, na kwamba ya tatu ndiyo pekee iliyo ya haki kabisa. Thomas Jefferson aliishi Paris kama balozi kuanzia 1784 hadi 1789. Kitabu chake juu ya jimbo la Virginia, kilichopigwa chapa huko mwaka 1785, kinawasifu watu wanaofanya kazi ardhini kuliko wengine wote, kwamba kwao wema wa taifa haupotei. Si kila sifa hiyo ilitoka kwa Quesnay. Washairi wa Kirumi na waandishi wa Kiingereza waliitangulia. Lakini urafiki wa Jefferson na du Pont ulidumu miaka mingi. Du Pont alihamia Marekani mwanzoni mwa 1800, na alisaidia kupeleka ujumbe kati ya serikali mbili kabla ya Marekani kuinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803, nchi kubwa ambayo Jefferson aliiona kuwa akiba ya mashamba kwa vizazi vijavyo, ingawa ilikuwa na wenyeji wake.

Basi nini kilivuka, na nini kilibaki? Sifa za mkulima zilivuka. Mfalme alibaki, maana wanafiziokrasia waliamini katika mtawala mmoja mwenye nguvu zote aliyefungwa na sheria ya maumbile tu, na jambo hilo Wamarekani wasingelimeza baada ya kumfukuza wa kwao. Na kodi ya ardhi ilibaki pia. Mwaka 1798 serikali ya huko, wakati huo ikiwa mikononi mwa wapinzani wa Jefferson, iliweka kodi ya moja kwa moja juu ya ardhi, nyumba na watumwa. Wakulima wa Pennsylvania, wengi wao wasemao Kijerumani, waliwafukuza wakadiriaji, na 1799 ghasia zao, ambazo zimebeba jina la kiongozi wao John Fries, zilizimwa na askari. Jefferson alipochukua urais alizifuta kodi za ndani na kutegemea ushuru wa bidhaa zitokazo nje. Mkulima aliyesifiwa kwa lugha ya Kifaransa hakutaka kutozwa kwa lugha hiyo. Msomaji wa Same atamwelewa.

Neno mkulima lenyewe lina mtego. Mzalishaji wa Quesnay alikuwa "fermier", mpangaji tajiri wa Ufaransa ya kaskazini, mwenye farasi na vibarua, si mnyonge wa kijijini. Yafaa aitwe mkulima mpangaji. Mzalishaji wa Jefferson alikuwa mtu mweupe mwenye shamba lake, asiyemtegemea bwana yeyote, na kwa hiyo, walivyoamini, aliyefaa kuwa raia wa jamhuri. Kiswahili hakikubali kwa urahisi. Kwa muundo wa lugha yetu mkulima ni yule alimaye. Na katika mashamba ya Jefferson, Monticello na kwingineko, waliolima walikuwa watumwa, ambao katika maisha yake yote walizidi 600. Mfasiri akiandika bila uangalifu kwamba Jefferson aliwasifu wakulima, sarufi itawatukuza watu ambao mwandishi aliwanyima hata majina ya raia. Hatusemi neno libadilishwe; twasema maelezo yawekwe.

Jefferson mwenyewe aliijua kazi yetu. Alikwisha kustaafu alipoletewa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha uchumi cha Mfaransa Destutt de Tracy, akaiona ni mbovu, akakaa kuisahihisha kwa saa kadhaa kila siku, mzee wa miaka zaidi ya 70, hadi kikatoka mwaka 1817 kikiwa na dibaji yake iliyoeleza habari za akina Quesnay na Turgot. Nacho kitabu hicho alichokihangaikia kilikana kwamba ardhi peke yake ndiyo izalishayo. Mwaka 1816 alikuwa amekwisha kukiri katika barua kwamba viwanda navyo ni vya lazima kwa uhuru wa taifa.

Hapa kwetu Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikitaja kilimo kuwa msingi wa maendeleo, na "Siasa ni Kilimo" ya Iringa ya 1972 ikalirudia jambo hilo kwa jina lake lenyewe. Ipo sehemu ya Azimio ambayo mwanafiziokrasia angeitia sahihi: ile ionyayo kwamba mikopo itakayojenga hospitali na barabara za mijini italipwa hasa kwa mazao ya watu wa vijijini, na kwamba mji unaweza kumnyonya mkulima. Kufanana si kurithi, na hatuna sababu ya kudai kwamba walioandika walikuwa wakimsoma Quesnay. Mfaransa aliyehusika kweli ni René Dumont, mtaalamu wa kilimo, ambaye ripoti yake juu ya kilimo cha Tanzania baada ya Azimio ilitolewa na serikali Dar es Salaam mwaka 1969. Naye alikuwa mtu wa udongo na mbolea, si wa majedwali ya Versailles. Lakini neno kujitegemea lapaswa kuangaliwa. Ukilitumia kumweleza mkulima wa Jefferson, linafaa sana, na ndiyo hatari yake: kwake anayejitegemea ni mtu mmoja na shamba lake, ilhali katika Azimio anayejitegemea ni taifa na kijiji. Katika habari za Marekani tunapendekeza kutomtegemea bwana.

Limebaki lile neno la Kiingereza ambalo rafiki wa Jefferson, George Logan wa Pennsylvania, alilitumia mwaka 1791 alipowaandikia barua wakulima wa nchi yake kwa mafundisho ya wanafiziokrasia: "yeoman". Tunapendekeza mkulima mwenye shamba, na katika vitabu vya historia litatosha. Katika maandishi ya sheria za Tanzania lisitumike, kwa kuwa umilikaji wa moja kwa moja uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali mwaka 1963, na mtu wa Kifaru au wa Usangi anayelima leo ana haki ya kulitumia shamba na kulirithisha, lakini ardhi iliyo chini ya mibuni yake ni ya umma; yeye aitwe mmiliki wa haki ya ardhi, na anacholipa, kikilipwa, kiitwe pango.